Taa ya Chujio la Masizi: Mashine Ipi Inunuliwe? (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu iliyotangulia tulieleza namna chujio la masizi, lile ambalo mafundi wetu hulitaja kwa herufi tatu za DPF, lilivyojengwa ndani ya ekzosi ya gari la dizeli: vijitundu vyembamba vilivyopangana kama masega ya nyuki, hiki kimezibwa mbele na jirani yake kimezibwa nyuma, hata moshi ukalazimika kupenya ukutani na kuacha masizi yake humo. Leo twaingia katika suala ambalo wenye gereji wa Tarime, Sirari, Nyamongo na Mugumu huulizana mara kwa mara, nalo ni hili: taa ya chujio ikiwaka mbele ya dereva, fundi aishike mashine gani ya kuisoma kompyuta ya gari?

Kabla hajatoa fedha yake, fundi na ayatazame kwanza magari yanayoingia uwanjani mwake. Yule wa Mugumu ambaye aghalabu ya wateja wake ni wapeleka watalii wenye Land Cruiser za mfululizo wa 70 zenye injini ya 1HZ hana haja ya mashine ya namna hii hata kidogo, maana injini ile husukumiwa mafuta na pampu isiyojua umeme wa kompyuta, wala chujio haina. Na mwenye kumshawishi anunue amtakia hasara. Lakini yule anayepokea Prado mpya za dizeli, Mazda CX-5 zilizotumika Japani, na malori ya Isuzu Elf, Canter na Hino yabebayo mahindi, ndizi na saruji, huyo hana budi. Naye ajue kwamba Isuzu huliita chujio hilo DPD na Hino huliita DPR, ili asije akapekua orodha ya mashine akitafuta DPF, akadhani kazi hiyo haimo. Tena malori hayo mengi yana umeme wa volti 24, na vifaa vingi vidogo vimeundwa kwa volti 12 tu. Kukichomeka kifaa kisichostahimili ni kukiunguza.

Sasa juu ya bei, ambayo ndiyo inayowapoteza wengi. Marekani iliwalazimisha watengenezaji kuweka tundu la kupimia la namna moja katika magari yote madogo tangu mwaka 1996, na Ulaya ikafuata, petroli mwaka 2001 na dizeli kuanzia 2003. Walakini sheria hizo zililazimisha kufichuliwa kwa habari za moshi pekee, wala hazikumwamuru mtengenezaji amkabidhi kila mtu funguo za nyumba yake. Ndiyo maana kile kifaa kidogo kiitwacho ELM327, kinachouzwa kwa bei ya chini na kuzungumza na simu ya mkononi, husoma nambari ya hitilafu na kuifuta, kisha kikanyamaza. Mteja hufurahi taa ikizimika, akalipa ujira, na kabla hajafika Nyamwaga taa imewaka tena, kwa kuwa masizi yako palepale.

Nambari yenyewe haisemi yote. P2463 yasema masizi yamezidi. P2002 yasema chujio halifanyi kazi ipasavyo, na yamkini limepasuka au limetolewa. P2452 na jamaa zake zalalamikia sensa ya tofauti ya shinikizo, yaani ile inayopima shinikizo la moshi kabla ya chujio na baada yake. Fundi akizichanganya hizi, atalitoa chujio zima kwa kosa la mpira mmoja wa sensa hiyo uliotoboka. Kwa hiyo mashine inayostahili kununuliwa ni ile inayoonyesha vipimo vinavyobadilika papo kwa papo: tofauti ya shinikizo, joto la moshi mbele na nyuma ya chujio, kadiri ya masizi kama kompyuta inavyoikisia, na umbali uliokwendwa tangu masizi yalipochomwa vyema mara ya mwisho. Washa ufunguo bila kuwasha injini: sensa nzima itasoma sifuri, au karibu nayo sana, maadam hakuna moshi unaopita. Ikisoma vinginevyo, lawama ni ya sensa au nyaya zake. Kisha washa injini, uikanyage polepole. Shinikizo lipande kwa utulivu pamoja na mizunguko. Likikaa chini bila kutikisika, tazama mipira, kwani barabara zetu za changarawe huzitikisa na kuzikata sehemu za chini ya gari kuliko alivyotazamia mhandisi wa Hiroshima.

Na barabara hizo ndizo chanzo cha maradhi yenyewe. Masizi huungua yenyewe kidogo kidogo moshi ukiwa na joto la kutosha. Yakizidi, kompyuta huongeza mafuta ili joto la chujio lifike takriban nyuzi 600 za selsiasi, na kazi hiyo hutaka mwendo wa kudumu kwa dakika kumi, kumi na tano au zaidi. Ndani ya Hifadhi ya Serengeti mwendo hauruhusiwi kuzidi kilomita 50 kwa saa, na mjini Tarime dereva husimama kila baada ya duka. Uchomaji huanza, ukakatizwa, ukaanza tena. Mafuta yasiyoungua huteremka katika oili, na katika Mazda za dizeli kijiti cha kupimia oili kina alama ya X: oili ikifika hapo, imwagwe kwanza, kabla ya jambo lolote.

Hapa ndipo ilipo kazi ya pili ya mashine, kuamuru uchomaji gari likiwa limesimama. Baadhi ya malori yana kitufe cha kazi hii mbele ya dereva, lakini masizi yakipita kiasi kitufe hukataa, na ni mashine tu itakayosikilizwa. Basi muuzaji, awe Kariakoo au ng'ambo ya Sirari, aombwe aichomeke mashine katika gari la aina ile ile unayoitengeneza, na la soko la Japani, si la Ulaya. Akuonyeshe kwa macho yako amri hiyo, na ile ya kuijulisha kompyuta kwamba sensa au chujio limebadilishwa. Aulizwe pia programu mpya hulipiwa nini kila mwaka, maana wapo waliofurahia bei ya kwanza wakalia kwa ya pili. Majina kama Launch na Autel yanajulikana, na bandia zake pia zinajulikana.

Nikitaja uchomaji, sina budi kusema neno la usalama. Ekzosi inayotoa joto la namna hiyo haifai kusimamishwa juu ya nyasi kavu za Julai kando ya Robanda, wala ndani ya banda la makuti. Itafutwe ardhi tupu. Na masizi yakiwa mengi mno yasichomwe kwa nguvu, kwani yakishika moto yote pamoja chujio hupasuka.

Najua wapo watakaosema: kwa nini taabu yote hii, na hali msumeno upo? Wanalikata chujio, wanaidanganya kompyuta, na gari linakwenda. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli miongoni mwa vitu vilivyothibitika kuleta saratani, na moshi huo hushuka kwa wauza ndizi wa stendi kabla haujamfikia mtu mwingine. Sioni ustadi katika msumeno.

Iko nambari moja ambayo hakuna mashine iwezayo kuitibu kwa amri yoyote, nayo ni P242F, ya majivu. Masizi huungua, majivu hayaungui; hutokana hasa na viungo vilivyotiwa katika oili ya injini, na kila oili isiyofaa huyaongeza. Kulifungua chujio, kuliosha, na kuichagua oili yenye majivu machache, hayo ni mambo ya wiki ijayo.