Sura ya 5: Vifo vya Bibi Zetu, Jana na Leo

Mwaka 1979, kati ya kila Wajapani 1,000 walifariki 6. Mwaka 2023 walifariki 13. Anayeziona namba hizi mbili peke yake atadhani nchi hiyo imepatwa na balaa. Lakini katika kipindi hichohicho wastani wa umri wa kuishi wa wanawake wa Japani ulipanda kutoka karibu miaka 79 hadi zaidi ya 87. Mwanamke wa miaka 70, wa 80 na hata wa 90 alikuwa na hatari ndogo ya kufa mwaka 2023 kuliko mwenzake wa umri huohuo mwaka 1979.

Kilichobadilika ni mchanganyiko wa watu. Japani imejaa wazee, na penye wazee wengi misiba huwa mingi, hata kama kila mmoja wao ana afya njema kuliko wazee wa zamani. Sura hii inaeleza namna ya kulinganisha vifo vya wanawake wazee wa nyakati mbili bila kudanganywa na idadi yao.

Umri kwanza

Mwaka 1825 Mwingereza Benjamin Gompertz, aliyefanya hesabu za bima ya maisha, alionyesha kuwa hatari ya kufa haipandi kidogo kidogo kwa kiasi kilekile kila mwaka. Hujizidisha. Kwa watu wazima, kila inapopita miaka 8 hivi, hatari hiyo huwa mara mbili. Kwa hiyo mwanamke wa miaka 81 yuko kwenye hatari ya kufa mara nne hivi ya mwanamke wa miaka 65. Kuwaweka wote wawili kwenye fungu moja linaloitwa "wazee", kisha kuhesabu misiba, ni kuchanganya mambo yasiyolingana.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mji una wanawake 1,000 wenye miaka 65 na zaidi. Kati yao 800 hawajafika miaka 80, na kwa mwaka hufariki 30 katika kila 1,000 wa kundi hilo. Waliobaki 200 wamefika 80 na zaidi, na hufariki 120 katika kila 1,000. Vifo ni 24 kwa kundi la kwanza na 24 kwa la pili, jumla 48.

Miaka 40 baadaye mji una tena wanawake wazee 1,000, ila sasa nusu yao wamevuka 80. Tiba imekuwa bora: kiwango cha kundi la kwanza kimeshuka hadi 20, na cha kundi la pili hadi 100. Vifo sasa ni 10 na 50, jumla 60. Jumla imepanda kutoka 48 hadi 60, ilhali kila kundi limepata nafuu.

Dawa yake ni kusawazisha umri. Chukua viwango vya sasa, uvitumie kwa mchanganyiko wa watu wa zamani, yaani 800 kwa 200. Utapata vifo 16 na 20, jumla 36. Hapo ukweli unajitokeza: kutoka 48 hadi 36, vifo vimepungua kwa robo nzima. Wataalamu huita hicho kiwango sanifu cha vifo, na bila hicho mjadala wowote kuhusu vifo vya wazee hauna msingi.

Uzee si ukuta

Kwa muda mrefu wataalamu wengi waliamini kuwa sayansi inaweza kuokoa watoto na vijana, ila mtu akishafika miaka 80 hakuna la kufanya. Mwaka 1994 mtaalamu wa Kifini, Väinö Kannisto, alikusanya takwimu za nchi 28 zilizoendelea kuanzia mwaka 1950, akaonyesha kuwa vifo vilikuwa vikishuka hata kwa waliovuka 80. Wanawake walinufaika zaidi kuliko wanaume.

Japani inaonyesha jinsi jambo hilo lilivyotokea. Kuanzia 1951 hadi 1980 kiharusi ndicho kilichoongoza kwa kuua nchini humo. Chakula kilikuwa na chumvi nyingi, hasa mikoa ya kaskazini kama Akita, ambako mboga na samaki vilihifadhiwa kwa chumvi kwa ajili ya majira ya baridi. Mwaka 1961 kila raia alikuwa amefikiwa na bima ya afya. Watu wakapimwa shinikizo la damu, wakapewa dawa, wakahimizwa kupunguza chumvi. Kiharusi kikarudi nyuma, na bibi wa Kijapani wakawa wanawake wanaoishi muda mrefu kuliko wote duniani. Mwaka 1963 serikali ilihesabu watu 153 waliotimiza miaka 100. Mwaka 2023 walizidi 92,000, na karibu tisa katika kila kumi ni wanawake.

Kila rika na historia yake

Kusawazisha umri hakutoshi. Mwanamke wa miaka 70 wa mwaka 1970 na wa mwaka 1995 wana umri sawa, lakini hawakuishi maisha sawa.

Denmark ilijifunza hili kwa uchungu. Miaka ya 1950 na 1960 wanawake wake walikuwa miongoni mwa wanaoishi muda mrefu zaidi Ulaya. Kisha, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1990, umri wao wa kuishi ukakwama, huku majirani zao Wasweden wakiendelea kupanda. Watafiti walipotenganisha wanawake kwa mwaka wa kuzaliwa, waliona kuwa mzigo ulikuwa wa rika moja: waliozaliwa kati ya vita viwili vikuu vya dunia. Hao ndio walioanza kuvuta sigara kwa wingi ujanani. Madhara yake, kama saratani ya mapafu, yalikuja kuwaua miaka mingi baadaye. Rika hilo lilipopungua, umri wa kuishi ukaanza kupanda tena. Vifo vya wazee wa leo hueleza pia yaliyowapata walipokuwa wasichana.

Mwaka mmoja haushuhudii

Agosti 2003 joto kali liliikumba Ufaransa, na watu wapatao 15,000 zaidi ya kawaida walifariki, wengi wao wanawake wazee waliokuwa wakiishi peke yao. Mwaka uliofuata vifo vikashuka chini ya kawaida. Anayelinganisha 2003 na 2004 ataona maendeleo makubwa mno, ilhali anapima joto. Njia salama ni kuchukua wastani wa miaka kadhaa kila upande, na kuueleza mwaka wa maafa peke yake.

Umri wa kweli uko wapi?

Hesabu zote hizi zinasimama juu ya umri sahihi. Hata Japani iliteleza: mwaka 2010 ukaguzi wa daftari za familia uligundua zaidi ya watu 234,000 waliosomeka kuwa na miaka 100 na zaidi, lakini hawakujulikana waliko. Wengi walikuwa wameshafariki zamani bila kufutwa.

Kwetu Afrika Mashariki tatizo ni zito zaidi. Bibi wengi waliozaliwa vijijini kabla ya uhuru hawana cheti cha kuzaliwa, na umri wao hukadiriwa kwa njaa, vita au ujio wa mkoloni fulani. Kwenye sensa, umri unaoishia na sifuri au tano hurundikana. Mwanamke wa miaka 72 akiandikwa 80, hatari yake ndogo huhesabiwa kwa wenye 80, nao huonekana wanaishi vizuri kuliko hali halisi.

Hata hivyo kazi nzuri imeshafanyika. Katika miaka ya 1990, Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini, wahojaji walitembelea kaya, wakaandika kila kifo na kuwauliza ndugu dalili za marehemu. Baada ya kusawazisha umri, ilidhihirika kuwa kiharusi kiliwaua watu wazima wa maeneo hayo, wake kwa waume, kwa kiwango cha juu kuliko Uingereza na Wales. Ni ugonjwa uleule ambao Japani iliurudisha nyuma kwa kipimo cha shinikizo la damu, dawa na kupunguza chumvi.

Ndiyo maana kila msiba unastahili kuandikwa. Mama au bibi anapofariki nyumbani, familia nyingi huzika bila kutoa taarifa. Nenda RITA, wakala wa usajili, ukiwa Tanzania Bara, nenda kwa wakala wa usajili wa Zanzibar ukiwa huko, nenda ofisi ya usajili wa vifo Kenya. Taja umri wake kadiri unavyoweza kuuthibitisha, na ugonjwa uliomwondoa. Taifa lisilohesabu vifo vya bibi zake haliwezi kujua kama linawatunza.