Oda za Ijumaa Zifungwe Jumatano: Mwongozo kwa Vikundi Vinavyouza Mboga kwa Jumla

Hoteli ya Mombasa inapopiga simu saa tatu usiku ikitaka kilo 40 za spinachi kesho asubuhi, kikundi cha wakulima wa Wundanyi hubaki na njia mbili, zote mbaya. Kikikataa, mteja huenda kununua Kongowea. Kikikubali, watu huvuna kwa tochi, majani mabovu huchanganyika na mazuri, na mzigo hurudishwa ukiwa mlangoni. Hasara ni ya mkulima, pamoja na mafuta ya gari.

Dawa yake ni ratiba inayotaja siku za kupeleka mboga na saa ya mwisho ya kupokea oda. Saa hiyo haikisiwi. Huhesabiwa kwa kurudi nyuma, kuanzia wakati mteja anapohitaji mzigo.

Chukua Ijumaa, siku ya kujiandaa kwa wageni wa wikendi. Gari huteremka kutoka Wundanyi hadi Mwatate, kisha Voi, halafu kuna takriban kilomita 150 za barabara kuu yenye malori mengi hadi Mombasa. Ili lifike saa tatu asubuhi, kabla jiko halijashika kazi ya chakula cha mchana, liondoke kufikia saa kumi alfajiri. Basi mboga zivunwe Alhamisi jioni jua likipoa, zilale mahali penye hewa. Baridi ya milimani husaidia. Lakini kabla ya kuvuna, katibu anahitaji Alhamisi asubuhi ili ajumlishe oda na kumgawia kila mkulima kiasi chake. Kwa hiyo oda zinafungwa Jumatano saa kumi na mbili jioni.

Siku ya pili inafaa kuwa Jumanne. Kupeleka Jumatatu kungelazimu kuvuna Jumapili, wakati wengi wako kanisani. Oda za Jumanne zifungwe Jumamosi saa sita mchana, maana ofisi nyingi za ununuzi hazifanyi kazi Jumapili.

Vipi kuhusu anayechelewa? Kabichi, karoti na viazi hukaa, hivyo vinaweza kuongezwa nafasi ikiwepo garini. Sukuma wiki, spinachi na dania zisubiri safari inayofuata. Hapa ndipo vikundi vingi hulegea, hasa mteja akiwa mkubwa. Ukimfungulia mmoja leo, wiki ijayo wote watapiga simu usiku.

Mteja naye ana haki yake. Apewe ratiba kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa WhatsApp, na akumbushwe saa chache kabla oda kufungwa. Shule ya bweni haiwezi kuwaambia wanafunzi wasubiri. Mvua ikiharibu barabara, ipigiwe simu mapema itafute mboga kwingine. Sikukuu ikiangukia siku ya kupeleka, tarehe mpya itangazwe wiki moja kabla.

Kikundi kiweke pia kiwango cha chini cha oda. Gari linalopeleka kreti mbili Mombasa linakula faida ya wote. Wateja wadogo wa Voi na Mwatate wanaweza kuunganishwa katika safari hiyohiyo, kwa kuwa gari linapita huko, mradi wawe tayari kupokea mzigo alfajiri.

Kikundi kinachotaka msaada wa kupanga ratiba kinaweza kumwona afisa wa kilimo wa wadi yake, kikibeba orodha ya wateja na kumbukumbu za oda za mwezi uliopita.