Kidonda cha Chanjo na Sukari ya Seli

Nawachanja watoto wachanga BCG, chanjo ya kifua kikuu, kwenye kliniki yetu ya Morogoro, na kina mama huniuliza kwa nini bega linatunga usaha. Nawajibu: seli nyeupe za damu ziko vitani, na vita vinataka nishati. Zikitulia, huunguza sukari na mafuta taratibu kwa oksijeni. Zikishtuka, huvunja glukosi kwa kasi na kutoa asidi ya laktiki. Ndipo humwaga kemikali za kuleta uvimbe na joto. Mwaka 2016 watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, walionyesha kuwa BCG huzielekeza seli hizo zitumie glukosi zaidi, ziwe macho hata kwa vijidudu vingine. Mama, usikikamue kidonda hicho wala kukipaka dawa. Kitapona chenyewe.