Malengelenge ya sehemu za siri: tusivunje ndoa kwa swali lisilo na jibu

Huanza kwa muwasho na mchonyoto. Siku moja au mbili baadaye hutokea vilengelenge vidogo vilivyojikusanya pamoja, vikapasuka na kuacha vidonda, na kwenda haja ndogo kukawa mateso. Mwanamke anakwenda zahanati, anaambiwa ni malengelenge yanayoletwa na kirusi cha herpesi. Jioni hiyo hiyo chumbani linaulizwa swali moja tu: umeyatoa wapi? Vidonda havijakauka, na tayari wazee wa pande zote mbili wameshaitwa.

Swali hilo mara nyingi halina jibu, na hapa ndipo elimu yetu ilipopungua. Kirusi hiki kikishaingia kupitia ngozi laini hupanda kwenye mishipa ya fahamu, kikaweka makazi kwenye mizizi yake karibu na mwisho wa uti wa mgongo. Huko hukaa maisha yote. Wengi wanaoishi nacho hawajawahi kuona dalili, au waliona kidonda kidogo wakadhani ni wembe uliowakata, au fangasi. Mtu anaweza kuambukizwa leo, vidonda vikamtokea miaka mingi baadaye akiwa ndani ya ndoa tulivu. Anaweza pia kumwambukiza mwenzake siku ambayo ngozi yake haina hata alama. Hakuna kipimo kitakacholitaja jina la aliyemwambukiza wala mwaka.

Wala si ugonjwa wa wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 846 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana maambukizi haya sehemu za siri, yaani zaidi ya mmoja katika kila watano. Kirusi kina aina mbili. Ya pili ndiyo hasa ya sehemu za siri. Ya kwanza ni ile ya vidonda vya pembeni mwa mdomo ambayo wengi huipata utotoni, lakini ngono ya mdomo huishusha chini pia.

Dawa ipo, asaikloviri, ya bei nafuu. Gertrude Elion, mwanasayansi wa Marekani ambaye kazi ya maabara yake ndiyo iliyoizaa, alikuwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1988. Dawa hii haikifukuzi kirusi mwilini, hukizuia kuzaana. Kwa hiyo yeyote anayetangaza kwenye nguzo za umeme kwamba anaking'oa kabisa anachukua fedha za watu bure. Dawa hufaa zaidi ikianzwa mapema, tangu mchonyoto wa kwanza. Anayesumbuliwa mara kwa mara anaweza kuandikiwa vidonge vya kila siku, na vidonda vikapungua sana. Nyumbani, maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, nguo ya ndani ya pamba isiyobana na vidonge vya kawaida vya maumivu vinatosha. Spiriti na dawa ya meno visiguse kidonda. Lakini usijinunulie dawa duka la jirani kwa kubahatisha, maana kidonda cha sehemu za siri kinaweza kuwa kaswende, ambayo hutibiwa kwa dawa nyingine kabisa, ya sindano. Pima damu, na VVU pia.

VVU kwa sababu mwenye aina ya pili ya herpesi yuko kwenye hatari ya kuvipata karibu mara tatu ya asiye nayo. Kaskazini magharibi mwa Tanzania wanawake zaidi ya 800, wengi wao wahudumu wa baa na nyumba za wageni, walishiriki utafiti wa kuona kama asaikloviri ya kila siku ingewakinga. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: haikuwakinga. Kidonge hiki basi hakichukui nafasi ya kondomu. Nayo kondomu hupunguza maambukizi ya herpesi bila kuyamaliza, kwani haifuniki ngozi yote. Ukihisi mchonyoto, acheni tendo la ndoa mpaka ngozi ipone kabisa.

Mjamzito asimfiche mkunga. Aliyekuwa na kirusi hiki tangu zamani kwa kawaida hujifungua salama, na mtoto hupata kinga kutoka kwake. Hatari kubwa ni mama kuambukizwa upya miezi ya mwisho, kwa kuwa mtoto akikipata wakati wa kuzaliwa anaweza kufa au kuumia ubongo. Mume anayejijua kuwa nacho awe mwangalifu zaidi kipindi hicho, na vidonda vikiwepo uchungu unapoanza, daktari huamua upasuaji.

Kumwambia mwenza ni kugumu. Mwambie mapema, mchana, mkiwa mmetulia, kabla ya mwili kuingia katika mazungumzo. Mweleze unachokijua na mwende kliniki pamoja.

Ombi langu ni kwa wauguzi na matabibu. Mkishamwandikia mgonjwa dawa, mwambieni waziwazi kwamba vidonda hivi si ushahidi wa usaliti wa jana wala wa mwezi uliopita. Mwambieni kabla hajatoka mlangoni, na mwenza wake akija, rudieni maneno hayo hayo mbele yao wote wawili.