Uzi usiolingana kwenye kofia ya mkono: Namna ya kuurekebisha bila kuharibu kazi

KOFIA ya mkono ni kazi ya wiki nyingi, na mara nyingine ya miezi, lakini mnunuzi huipima kwa mtazamo wa mara moja tu. Ikiwa sehemu moja imeshonwa kwa uzi uliokoza kuliko mwingine, jicho hutua hapo hapo, na bei hushuka kabla mazungumzo hayajaanza.

Hilo si jambo dogo kisiwani Pemba, ambako ushonaji wa kofia za viua huwapatia kipato wanawake wanaoifanya kazi hiyo majumbani, katikati ya shughuli nyingine za siku. Kwa mshonaji wa Gombani, eneo la Chake Chake linalofahamika zaidi kwa uwanja wake wa michezo, mstari mmoja wa uzi usiolingana unaweza kumpotezea faida ya kofia nzima.

Kofia hizo huvaliwa pamoja na kanzu misikitini, harusini na katika sikukuu za Idi. Nchini Oman, ambako kofia ya namna hiyo huitwa kuma, ni sehemu ya vazi la kawaida la wanaume.

Chanzo cha tofauti

Sababu ya kwanza ni kiwandani. Nyuzi hutiwa rangi kwa mafungu, na fungu moja huweza kutofautiana kidogo na jingine hata kama namba ya rangi ni ile ile.

Sababu ya pili ni mwanga. Nyuzi mbili zinaweza kuonekana sawa usiku chini ya taa, kisha zikatofautiana juani. Aidha, baadhi ya vitambaa na nyuzi nyeupe huwekwa kemikali inayogeuza mionzi ya jua isiyoonekana kuwa mwanga wa kibuluu, hivyo weupe wake huonekana mkali zaidi mchana.

Sababu ya tatu ni aina ya uzi. Uzi wa pamba na wa poliesta haung'ai kwa namna moja, wala haubadiliki sawasawa kadiri kofia inavyofuliwa.

Kabla ya kufumua

Kabla ya kushika mkasi, mshonaji hana budi kuhakikisha kwamba kosa ni la uzi. Jasho la mikono, vumbi na alama za penseli ya kuchorea hubadili rangi ya kazi. Kofia ifuliwe taratibu kwa sabuni isiyo kali, ikaushwe kivulini, kisha itazamwe mchana kwa umbali wa mkono ulionyooshwa. Tofauti isiyoonekana kwa umbali huo ni heri iachwe.

Ikiwa inaonekana, na mishono yenyewe ni michache, kufumua ndiyo njia bora. Kazi hiyo hufanywa kwa upande wa ndani: mshono mmoja hukatwa kila baada ya miwili au mitatu, na vipande vya uzi huvutwa polepole kwa ncha ya sindano. Kuvuta uzi mrefu kwa nguvu hukunja kitambaa, na huweza kukichana.

Viua huhitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa kila tundu hushikiliwa na uzi unaolizunguka. Kwa hiyo hufumuliwa na kushonwa upya kimoja kimoja, wala si vyote kwa pamoja.

Kushona juu ya uzi wa zamani kwa uzi unaofaa kunawezekana katika mistari. Katika viua njia hiyo haifai, kwa sababu hunenepesha ukingo na kuziba tundu.

Pale ambapo sehemu yenye kasoro ni kubwa, uzi huo wa pili unaweza kurudiwa kwa vipimo sawa kuzunguka kofia. Kilichokuwa kasoro upande mmoja kikionekana pande zote nne, huwa ni nakshi.

Tahadhari ya rangi na dawa

Baadhi ya watu hutumia chai kupunguza weupe wa uzi. Chai hushika kwenye pamba, lakini haishiki vizuri kwenye poliesta, na ikipakwa juu ya kofia huingia pia kwenye kitambaa. Ni salama zaidi kuuchovya uzi mpya kabla ya kushonea, na kuujaribu kwanza kwenye kipande kingine cha kitambaa. Hata hivyo, rangi hiyo huweza kupauka kwa kufuliwa.

Dawa za madoa zenye klorini ziepukwe. Huharibu hariri, na hudhoofisha pamba zikitumiwa kwa wingi.

Kinga

Njia nafuu kuliko zote ni kununua kwa wakati mmoja uzi wote wa kofia moja, baada ya kulinganisha namba za mafungu kwenye lebo na kuzitazama nyuzi nje, kwenye mwanga wa mchana. Uzi ukipungua njiani, mpya uanzie pale ukanda wa pembeni unapokutana na kipande cha juu, ambapo mabadiliko hayaonekani kwa urahisi.

Vilevile, kipande cha uzi uliobaki kinafaa kukabidhiwa mnunuzi pamoja na kofia. Siku mshono utakapofumuka, fundi yeyote atakuwa na uzi wa fungu lile lile wa kuurudishia.