Ada ndogo ya kifurushi ni chambo, windo ni akiba ya benki

ARAFA huingia kwenye simu ikidai kwamba kifurushi kimefika ghalani lakini hakiwezi kuwasilishwa kwa sababu anwani haijakamilika. Mpokeaji hutakiwa kubonyeza kiungo, kusahihisha anwani na kulipa ada ndogo kabla ya saa 24 kupita. La sivyo, mzigo utarudishwa ulikotoka.

Ujumbe wa aina hii, unaotumwa kwa jina la shirika la posta au kampuni ya usafirishaji, ni mtego. Walaghai hawajui ni nani aliyeagiza bidhaa. Huzitawanya arafa kwa maelfu ya nambari wakijua kwamba hapatakosekana mtu anayesubiri mzigo kwa hamu.

Wengi hunaswa kwa sababu ya udogo wa ada. Mtu ambaye hawezi kumtumia mgeni Sh5,000 huona Sh50 si hoja. Lakini Sh50 hizo sizo zinazowindwa. Tovuti bandia humtaka aandike nambari ya kadi ya benki, tarehe ya kumalizika kwake na tarakimu tatu zilizo nyuma. Punde benki humtumia nambari ya siri ya muda, naye huiandika pia, akidhani anaidhinisha malipo hayo madogo. Kumbe tapeli anaitumia kuidhinisha ununuzi mkubwa, au kuisajili kadi hiyo katika simu yake na kulipia bidhaa kana kwamba ndiye mwenyewe.

Zipo dalili za kuutambua ulaghai huu. Kwanza, ujumbe hutoka kwa nambari ngeni, pengine ya ng'ambo. Pili, humharakisha mpokeaji. Tatu, anwani ya tovuti huwa na kasoro. Shirika la Posta la Kenya hutumia posta.co.ke, anwani yenye neno posta lakini inayoishia kwa herufi kama.top au .vip si yake. Nne, mpokeaji huombwa kujibu kwa herufi Y. Simu za iPhone huzuia viungo kutoka kwa watu wasiojulikana hadi mwenye simu ajibu. Jibu hilo ndilo hufungua mlango.

Anayesubiri mzigo kwa kweli asipitie kiungo alichotumiwa. Aandike mwenyewe anwani ya tovuti rasmi, atumie nambari ya kufuatilia mzigo aliyopewa alipoagiza, au aende posta kuuliza. Nambari ya siri kutoka benki asimpe yeyote.

Aliyekwisha kunaswa apigie benki simu mara moja kwa nambari iliyo nyuma ya kadi, aagize ifungwe, kisha apige ripoti kwa polisi. Aliyelipa kwa M-Pesa anaweza kutuma ujumbe wa malipo kwa 456 kuomba pesa zirejeshwe. Wateja wa Safaricom huripoti arafa za ulaghai kwa kuzituma kwa 333 bila malipo.

Sheria ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa mitandaoni inaruhusu faini isiyozidi Sh300,000, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili, kwa anayeunda tovuti au kutuma ujumbe wa kuwanasa watu hivyo. Hata hivyo, adhabu humfikia tu tapeli aliyekamatwa, na pesa zikishatoka kwenye akaunti ni vigumu kuzirudisha. Majuto ni mjukuu. Kinga ni kutobonyeza.