Wima, Uvutano na Sikio la Abiria wa Mlimba

Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, hukatiza bonde la Kilombero kupitia Ifakara, na ifikapo Mlimba huiacha tambarare na kuanza kupanda kuelekea Makambako katika kipande chenye mahandaki 18 na madaraja 46, likiwemo lile refu la mto Mpanga. Kipande hicho husifiwa kwa uhandisi wake, na kwa haki kabisa, lakini kinastahili kutazamwa pia kwa upande wa afya, kwa kuwa humo mwili wa abiria hupandishwa, hugeuzwa kwenye kona na kusukwasukwa kwa breki, huku giza la mahandaki likimnyima msaada wa macho katika kuutambua wima.

Wima ni mwelekeo unaoonyeshwa na timazi ya mwashi inapotulia, nao hutokana na uvutano wa dunia, ambao hukipa kitu kinachoanguka mchapuko, yaani badiliko la mwendo kwa kila sekunde, wa takriban mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde. Timazi ikining'inizwa ndani ya behewa linalopanda kwa mwendo usiobadilika kwenye njia iliyonyooka, huonyesha wima wa kweli hata kama sakafu imeinama. Lakini breki zikifungwa, mwendo ukapungua kwa mita 1 kwa sekunde katika kila sekunde, timazi huelekea mbele kwa kiasi cha nyuzi 6, na kwa kuitazama yenyewe tu haiwezekani kujua kama behewa limeinama au linapunguza mwendo. Albert Einstein alilitafakari jambo hilo mwaka 1907 na kulifanya msingi wa nadharia yake ya uvutano.

Sikio la ndani hubanwa na kanuni hiyohiyo. Lina vifuko viwili vyenye fuwele ndogo za madini ya chokaa zilizolala juu ya ute, na kichwa kinapoinama au chombo kinapoongeza mwendo, fuwele hizo husogea na kupinda vinyweleo vya seli zilizo chini yake, ambazo hupeleka habari kwenye ubongo. Mifereji mitatu ya nusu duara iliyo karibu navyo hupima mzunguko wa kichwa. Ubongo hulinganisha habari hizo na za macho na misuli, na zinapopingana, kama kwa abiria anayesoma kitabu kwenye kona, huzuka kichefuchefu, ambacho mara nyingi hupungua mtu akitazama mbali nje ya dirisha.

Katika bonde la Kilombero, lililosumbuliwa na malaria kwa muda mrefu, ni rahisi kila kizunguzungu kihesabiwe kuwa homa hiyo (na kwinini, dawa ya malaria, yenyewe huweza kuleta kizunguzungu na mvumo masikioni), ilhali kipimo cha damu ndicho kinachopaswa kuamua. Kizunguzungu kinachoambatana na udhaifu wa upande mmoja wa mwili au ulimi kuwa mzito huenda ni kiharusi, na mgonjwa afikishwe hospitali bila kuchelewa. Lakini kile kinachomshika mtu anapojigeuza kitandani, kikaisha kabla ya dakika moja, aghalabu hutokana na fuwele zilizobanduka na kuingia katika mfereji mmojawapo. Tiba yake si vidonge, bali mtaalamu hugeuza kichwa cha mgonjwa hatua kwa hatua, ili uvutano wenyewe uziteremshe fuwele hizo na kuzitoa mferejini.